Walioagwa Mapema

Yule mama aliyekuja kuitazama nyumba alifungua kabati la nguo bila kuomba ruhusa, akaingiza pua ndani, kisha akamgeukia dalali kana kwamba mwenye kabati hayupo chumbani.

"Hapa kuna unyevu."

"Kidogo tu, mama," dalali alisema. "Ukipaka rangi unaisha."

Mwenye kabati alikuwa amesimama mlangoni, tepu yake ya kupimia ikining'inia shingoni, maana alikuwa ameliacha gauni la mtu kwenye cherehani ili aje kudhalilishwa. Harufu ile haikuwa ya unyevu. Ilikuwa ya kipande cha sabuni anachokiweka katikati ya mashuka. Lakini dalali alikwisha mwonya kwamba mwenye nyumba akisema sana, mnunuzi ananusa shida. Basi akasimama katika chumba chake cha kulala kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti, akamtazama mwanamke asiyemjua akibonyeza godoro ambalo haliuzwi, akiingia chooni, akivuta maji mara mbili na kutega sikio.

"Kinavuta kivivu," mama yule alisema akitoka. Kisha, huku akifunga mkoba wake: "Na nyinyi mnasafiri tarehe ishirini na nane, sivyo? Basi nitapita tena karibu karibu na hapo."

Alitoka upande wa pili wa mji, na hawakuwahi kuonana maishani. Lakini tarehe aliijua.

Kila mtu aliijua, na kosa lilikuwa la kipaza sauti. Majirani walikuwa wamechanga, wakakodi viti na turubai, wakawafanyia sherehe ya kuwaaga. Mumewe, ambaye mtaa mzima humwita Fundi Friji, ni mtu anayeshinda akiongea na mashine zisizomjibu; siku hiyo alipopewa kipaza sauti mkononi na watu mia wakimtazama, maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Akashukuru. Akasimulia kazi aliyoipata huko nje, ya kutunza maghala ya baridi. Akaeleza kwamba mwajiri anamlipia tiketi yeye peke yake, ya mke na watoto ni juu yake, na kwamba viza za familia zina mwisho. Akataja tarehe. Akataja na saa ya ndege. "Kwa hiyo ndugu zangu," akamalizia, "nyumba lazima iuzwe kabla ya siku hiyo. Mwenye pesa asilale!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, na wenye pesa wakaenda kulala. Nani anunue nyanya asubuhi kwa bei ya asubuhi, ikiwa mwuzaji mwenyewe amekwisha kumtangazia kwamba jioni atazimwaga?

Tena kuagwa kuna adabu yake: mtu akishaagwa, aondoke. Wao walikula keki, wakapokea masanduku mawili na blanketi zito, kisha kesho yake wakaonekana dukani wakinunua mkate. Wiki ya kwanza watu walitania. "Nyie bado mpo?" Wiki ya nne hawakutania tena, wakauliza kama watu wanaodai chenji. Wateja wa mshonaji wakaanza kuvichukua vitambaa vyao kabla havijakatwa. "Usije ukapanda ndege na gauni langu, fundi." Wenzake wa kikundi cha kuweka akiba wakamrudishia fungu lake na kumtoa, kwa upole, kama unavyomtoa marehemu. Na mzee wa nyumba ya kona alipofariki, yeye alijua alipoona watu wanapita na mashada ya maua. Akamkimbilia mmoja na kumshika mkono.

"Mbona hamkuniambia?"

"Jamani, dada, samahani. Tulijua mmeshaondoka."

"Jana umenisalimia hapa hapa nikianika nguo!"

"Ndiyo," yule mwanamke alisema, naye akaona haya kwelikweli. "Lakini si unajua."

Alijua. Hasira ikamkaa kifuani tangu siku ile, wala haikushuka kwa chai wala kwa maji.

*

Baadaye dalali alileta kijana mmoja mwenye viatu vyeupe. Huyu hakunusa kabati, hakuvuta maji ya choo. Hakuuliza hati wala mpaka wa kiwanja. Aliingia sebuleni, akatoa tepu ya chuma, akapima madirisha. Matatu yote, juu na chini, akayanakili kwenye simu yake. Alipofika kwenye dirisha la tatu akapima mara mbili, akaguna.

"Hili limepinda."

"Lina mwanga mzuri," dalali akawahi kusema.

Kisha wakatoka uani, na Fundi Friji akaitwa, na ikatajwa bei. Ilikuwa nusu ya ile waliyokuwa wakiiomba, pungufu kidogo. Kijana aliitaja akiwa anatazama viatu vyake.

"Hiyo ni bei ya mwisho," dalali alisema kwa niaba yake. "Na inalipwa mkononi, mara moja. Fundi, mimi nawatakia mema. Tarehe inakuja, haiendi."

Fundi Friji akasema watafikiria. Alimshukuru kijana kwa kuja. Alimshukuru na dalali. Mkewe aliyasikia yale maneno ya asante yakitoka kinywani mwa mumewe akatamani kumziba mdomo kwa kiganja.

Miaka kumi na miwili waliijenga nyumba ile. Chumba kimoja, wakahamia. Cha pili, watoto wakahama kutoka miguuni pao. Yeye alikuwa anashona sare za shule mpaka vidole vinakufa ganzi, mumewe anabeba friji za watu mgongoni, na kila akiba ikawa mfuko wa saruji. Sasa mtoto wa juzi mwenye viatu vyeupe anaitaja bei yake kama anayenunua baiskeli ya mtumba.

*

Siku ya pili yake asubuhi akaja shoga yake, mke wa Mwenyekiti. Mwenyekiti ndiye jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na cheo hicho alikipata kwa sababu hakuna kamati mtaani asiyoikalia mbele. Hata ile ya kuwaaga aliiongoza yeye, akatoa na hotuba iliyowaliza watu. Mkewe ni mtu mwingine kabisa, mwanamke wa kicheko, asiyejua kuficha hata umri wake.

"Nimekuletea kazi," alisema akijitupa kwenye kiti, furushi la kitambaa kizito cha rangi ya kahawia likiwa mapajani. "Mapazia. Mzee kanituma niende mjini, kwa wale washonaji wa madukani. Nikasema mjini nikafanye nini na wewe upo? Walau nikuachie cha kununulia soda huko angani."

"Ahsante, shoga yangu. Ya kwako?"

"Ya kwangu yapo. Kuna nyumba anainunua, ya kupangisha. Wapi, hataki kusema, eti mimi nina mdomo." Akacheka mwenyewe. "Vipimo kanipa kwa maneno, nimevikariri njia nzima kama mtoto wa darasa la pili. Ngoja nisije nikavisahau. Madirisha matatu. Mawili ni sawa sawa, upana futi tano. La tatu sasa, ndilo kituko: upande wa kushoto ni mfupi, wa kulia umezidi kwa inchi nne nzima. Yaani aliyejenga sijui alikuwa amelewa!"

Mshonaji alikuwa ameshika chaki, akaiweka mezani.

Aliyejenga hakuwa amelewa. Alikuwa mdogo wake wa kiume, akijifunza uashi, na lile lilikuwa dirisha lake la kwanza. Alipomaliza aliona mwenyewe limepinda, akataka kulibomoa, wakamkatalia kwa sababu saruji ilikuwa imekwisha. Mara tatu mshonaji amelishonea dirisha hilo pazia, na mara tatu amelikata kwa mshazari ili lisionekane kilema.

"Shoga, mbona umeweka chaki? Kitambaa hakitoshi?"

"Kinatosha," mshonaji alisema. "Njoo uyachukue Jumamosi, saa nne."

Alimsindikiza hadi nje. Aliporudi sebuleni alikwenda kwenye dirisha la tatu, akapitisha kidole kwenye ukingo wake uliopinda. Jirani wa ukuta kwa ukuta! Yule aliyelia kwenye kipaza sauti, akamkumbatia mumewe na kumwita ndugu! Ndiye anayewahesabia siku, amekaa upande wa pili wa ukuta akisubiri waive.

*

"Kijana mwenye viatu vyeupe ametumwa," alimwambia mumewe wakati wa chakula cha jioni. Watoto walikuwa wamekwisha kula, wako uani. Akamweleza yote, tepu, mapazia, inchi nne.

Fundi Friji aliendelea kutafuna. Alimeza, akanywa maji.

"Ni mtoto wa dada yake Mwenyekiti," alisema.

"Ulikuwa unajua?"

"Nimemfahamu sura. Sikutaka kukuumiza."

"Na mimi nikae hapa nimwitikie salamu kila asubuhi? Shemeji umeamkaje, shemeji habari za maandalizi! Baba watoto, mtu huyu anatuibia nyumba kwa mkono wa mpwa wake, na wewe umemshukuru kwa kuja!"

"Hatuibii. Anatoa bei, sisi tunakubali au tunakataa."

"Basi kasirika! Hata kidogo tu. Hata kwa ajili yangu."

"Nikikasirika, bei inapanda?"

Hilo ndilo lilimchoma mkewe zaidi, maana kila siku mumewe alikuwa na neno la busara linalofunga mjadala kama mlango wa friji. Fundi Friji akasogeza sahani pembeni.

"Nisikilize, mama watoto. Hizo pesa, ndiyo, ni ndogo. Zinatosha tiketi zenu na pango la miezi ya mwanzo. Tukimkataa huyu, hakuna mwingine, wote wanangoja wiki ya mwisho. Mimi nitapanda ndege, nyinyi mtabaki, viza zenu zitakufa. Kuomba upya ni mwaka, ni miwili, Mungu ndiye ajuaye. Mdogo ana miaka minne. Sitaki kuwa baba wa kwenye simu."

Mkewe alimtazama, mtu huyu mpole, mwenye makovu ya kuungua kwenye vidole vyote, akampenda na kumkasirikia kwa wakati mmoja.

"Mwambie dalali awalete Jumamosi," alisema. "Hapa hapa nyumbani. Saa nne."

Mumewe akashusha pumzi. Alidhani ameelewana naye.

*

Jumamosi sebule ilijaa. Alikuwepo dalali, kijana wa viatu vyeupe, na mwanasheria mwenye muhuri kwenye mfuko wa shati. Na kwenye kiti kikubwa, miguu imenyooshwa, alikaa Mwenyekiti mwenyewe. Alikuja, alisema, kuwa shahidi. Jirani mwema hawezi kukosekana siku kama hii.

"Ni uchungu," alisema akitikisa kichwa. "Kuwapoteza watu kama nyinyi ni uchungu. Lakini ndiyo maisha, shemeji. Anayekwenda kutafuta hazuiwi."

"Hazuiwi," mshonaji akaitikia, akamwekea kikombe cha chai.

Chumba kilikuwa na giza la kupendeza. Madirisha yote matatu yalikuwa na mapazia mapya, mazito, ya kahawia, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyeyaona. Wanaume hawaoni mapazia. Mwanasheria alikuwa anasoma mkataba kwa sauti ya kusinzia alipoingia mke wa Mwenyekiti, akipangusa jasho.

"Hodi, hodi, nimechelewa? Aa, mna wageni! Shoga, mimi nachukua tu mzigo wangu na kwenda." Kisha akayaona. "Kumbe umeyatundika! Yamependeza, jamani! Umeyajaribisha kwako kwanza?"

Akasogea kwenye dirisha la tatu, kicheko bado kiko mdomoni. Pazia lilikuwa limeshuka sawasawa na ukingo uliopinda, kushoto fupi, kulia refu, hakuna hata nafasi ya kupitisha kidole. Akaligusa pindo lake, akalifuata kwa mkono toka mwanzo hadi mwisho, na kicheko kikafa.

"Yameenea," alisema. "Yote yameenea." Akamgeukia mumewe. "Nyumba yenyewe ndiyo hii?"

Mshonaji alikuwa ameingoja dakika hii. Alikuwa amekosa usingizi kwa ajili yake. Alitaka kumwona mtu yule akiinamisha uso, akikosa pa kuweka mikono, akitafuta mlango. Mwenyekiti alikunywa chai yake, akaweka kikombe chini taratibu.

"Ndiyo hii," alisema. "Kwani kuna nini? Nimemwekea nani kisu shingoni? Nyumba ilitangazwa hadharani, kwa kipaza sauti nilichokikodi mimi. Kama yupo mwenye bei nzuri zaidi ajitokeze, mimi nitampigia makofi."

"Ungesema ni wewe," mshonaji alisema.

"Ningesema, mngenifanya ndugu mkaniomba niongeze. Undugu na biashara havilali kitanda kimoja, shemeji."

Akatazama saa yake. Dalali akajipata ana kikohozi. Mwanasheria akasema kwamba aliyetajwa kwenye mkataba ni huyu kijana, na kijana yupo, kwa hiyo kisheria yeye haoni tatizo lolote. Kijana alitazama viatu vyake. Na Fundi Friji, kabla mtu hajasema neno jingine, akavuta kalamu, akainama, akasaini jina lake polepole kwa mwandiko wake wa shule. Kisha akaisukuma karatasi upande wa mkewe, maana kiwanja kiliandikwa kwa majina mawili.

"Weka sahihi, mama watoto. Tumalize."

"Sisaini."

"Tafadhali."

"Nimesema sisaini! Akae na pesa zake. Akae nazo azile!"

Mwenyekiti akacheka, cheko la mtu mzima kwa mtoto. "Shemeji, hasira hasara."

"Hasara naijua," alisema, na sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa sebule ile ndogo. "Ni yangu, nitailipa mimi. Wewe ulitaka na hiyo uinunue nusu bei?"

Hapo kwa mara ya kwanza Mwenyekiti aliikunja miguu yake, akakaa wima. Si kwa aibu. Alishangaa tu, kama mfanyabiashara aliyepiga hesabu zote isipokuwa moja. Mkewe alikuwa amekwisha toka, hakumngojea, na mapazia yake aliyaacha pale pale ukutani. Jioni alimtuma mtoto kuleta ujira wote wa kushona, lakini yeye mwenyewe hakuja.

*

Fundi Friji hakugomba. Aliendelea kuamka mapema, kusalimia, kuwafunga watoto viatu. Alikuwa anapanga nguo zake ndani ya sanduku moja kati ya yale mawili, mkewe akimpa mashati yaliyonyooshwa, ndipo alipoacha kukunja.

"Umefurahi?"

"Sijafurahi."

"Siku ile uliniambia nikasirike. Hata kidogo tu." Alikuwa anatazama shati mkononi, si uso wake. "Haya. Nimekasirika. Nimekukasirikia wewe. Na sijui nitamaliza lini."

Akalikunja lile shati vizuri, akaliweka juu ya mengine. Mkewe akasimama na pasi ikiwa moto mkononi. Alikuwa ameiomba hasira hii muda mrefu, na sasa imekuja na kugonga mlango usio wake.

Siku yenyewe teksi ilifika saa nane mchana. Binti mkubwa alilia kimya kimya. Mdogo aliuliza kama baba atawaletea ndege. Hawakufanya sherehe. Waliotoka nje walitoka kwa sababu gari lilipiga honi, nao hawakujua waseme nini, maana kwaheri zote walikwisha zitoa.

Mwenyekiti alikuwa kwenye geti lake, kanzu nyeupe, tasbihi ya maneno tayari mdomoni. Akaja mkono mbele. "Ndugu yangu, nenda salama. Usiwe na wasiwasi na familia. Sisi tupo, ukuta kwa ukuta."

Na Fundi Friji akaupokea ule mkono. Aliushika kwa mikono yake miwili kama alivyozoea kumshika kila mtu, akautikisa, akasema, "Ahsante, ndugu. Ahsante sana."

Mshonaji aliyaona yote akiwa mlangoni. Hasira iliyompanda wakati ule haikuwahi kumpanda, wala kwa kabati lililofunguliwa, wala kwa mazishi aliyonyimwa, wala kwa mapazia. Mumewe alimbusu mdogo, akamshika binti kichwani, akamsogelea yeye, akangoja. Alimpa shavu. Mume akaingia garini.

"Mama, baba anatupungia," mdogo alisema.

Alimwona. Kioo kimeshushwa, mkono wote uko nje, unakwenda huku na huku. Alibana mikono yake kwapani, akaikaza. Gari likapita nyumba ya kwanza, ya pili, duka la mkate, mkono ule bado unapunga. Ndipo akaichomoa mikono yake. Akakimbia mpaka katikati ya barabara, akaunyanyua mkono wake juu kabisa, akapunga, akapunga kwa nguvu.

Gari lilikuwa limekwisha kata kona. Barabarani alikuwa amebaki Mwenyekiti peke yake, akirudi getini kwake. Alimwona, akatabasamu, akanyanyua mkono wake na yeye, akampungia.